Ugonjwa wa fizi: mwongozo kamili wa kuutibu kwa usafishaji wa daktari na dawa za mimea

Fizi zenye afya hazitoki damu. Ukiwa unatema povu lenye wekundu kila unapopiga mswaki, ukiamka na ladha ya chuma mdomoni, au ukiona meno yanaonekana marefu kuliko zamani, kuna ugonjwa, hata kama hakuna maumivu. Mara nyingi maumivu hayapo kabisa, na ndiyo maana watu huchelewa.

Wengi wakiona damu hukimbilia majani na magome. Wanachemsha, wanasukutua, baada ya siku chache damu inapungua na harufu inakata, nao wanahesabu wamepona. Chini ya ufizi, uharibifu unaendelea palepale ulipokuwa. Wapo pia wanaosafishwa meno kliniki mara moja, wakarudi nyumbani na tabia zilezile, na baada ya muda wako walikoanzia.

Mimi naithamini mimea hii, na ipo kadhaa ambayo utafiti umeonyesha kuwa inasaidia. Inasaidia ikipewa nafasi yake. Utaratibu ni huu: upimwe, usafishwe, ndipo mmea uingie, kisha upimwe tena. Ukiupindua utaratibu huo, ukaanza na mmea na kuahirisha usafishaji, unaficha dalili ambayo ingekupeleka kwa daktari mapema.

Kwanza elewa kinachotokea chini ya ufizi

Kila siku bakteria hujenga utando laini juu ya meno, hasa pale jino linapokutana na ufizi. Huo ndio ukoga. Ukiwa laini, mswaki unautoa. Ukiachwa, madini ya kalsiamu na fosfeti yaliyomo kwenye mate huanza kuugandisha ndani ya siku moja hadi tatu, ukawa mgumu kama ule ukoko mweupe wa ndani ya birika la kuchemshia maji. Ukishafika hapo, hakuna mswaki, jani wala mafuta yatakayoubandua. Unatolewa kwa vifaa vya daktari tu.

Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake, huko Denmark, waliwaomba watu wenye fizi nzima waache kusafisha meno kabisa. Ndani ya wiki tatu wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudia kupiga mswaki, fizi zilirudi katika afya yake ndani ya wiki moja hivi. Jaribio hilo lilithibitisha mambo mawili ambayo hadi leo ndiyo msingi wa tiba: chanzo ni ukoga, na hatua ya mwanzo ya ugonjwa hurudi nyuma kabisa chanzo kikiondolewa.

Hatua hiyo ya mwanzo huitwa jinjivitisi. Fizi ni nyekundu, zimevimba, zinatoka damu, lakini mfupa unaoshikilia jino bado uko salama. Ikiachwa, kwa baadhi ya watu hugeuka periodontitisi: ufizi unaachana na jino, mfuko unajitokeza kati yao, bakteria wasiopenda hewa kama Porphyromonas gingivalis wanapata makao, na kinga ya mwili inapopambana nao inakula hata mfupa. Mfupa uliokwisha kuliwa kwa kawaida haurudi wenyewe. Tiba inausimamisha ugonjwa na kuokoa kilichobaki.

Kwa kujitazama kwenye kioo huwezi kujua uko hatua ipi. Mvutaji sigara ndiye anayedanganyika zaidi, kwa sababu nikotini hubana mishipa midogo ya damu na fizi zake huweza zisitoke damu hata mfupa ukiwa umekwisha nusu.

Hatua ya 1: Jiandae kabla ya kwenda kliniki

Andika kwenye karatasi mambo ambayo daktari wa meno lazima ayajue. Ya kwanza ni dawa unazotumia. Dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarin, zinabadilisha namna utakavyosafishwa. Dawa za shinikizo la damu za kundi la nifedipine na amlodipine, ile ya kifafa iitwayo phenytoin, na cyclosporine inayotumiwa na waliopandikizwa viungo, zote zinaweza kufanya fizi zikue kupita kiasi na kufunika meno. Mtu mwenye tatizo hilo anaweza kusukutua mwaka mzima bila kujua kwamba dawa yake nayo inachangia. Usiiache mwenyewe, zungumza na aliyekuandikia.

Taja kisukari, ujauzito, ugonjwa wa moyo au valvu bandia, na mzio wowote. Taja pia mimea unayotumia, ikiwemo vidonge vya manjano au kitunguu saumu. Watu huona aibu kusema hili, au wanadhani halihusiki. Linahusika: vidonge vya kitunguu saumu na manjano ya nguvu kubwa vinaweza kuongeza utokaji wa damu, na daktari anatakiwa ajue kabla hajaanza.

Acha kusukutua dawa kali yoyote siku chache kabla ya kupimwa. Unataka daktari azione fizi kama zilivyo.

Hatua ya 2: Upimwe, tena kwa milimita

Kipimo cha maana hakichukui muda mrefu. Daktari hupitisha kijiti chembamba chenye alama za milimita kati ya jino na ufizi, sehemu sita kuzunguka kila jino. Milimita 1 hadi 3 bila damu ni afya. Milimita 4 na kuendelea pamoja na damu ni mfuko unaohitaji kazi. Milimita 6 na zaidi ni mfuko wa kina, na pengine utahitaji upasuaji mdogo baadaye. Picha ya eksirei huonyesha mfupa umeshuka kiasi gani.

Omba namba zako na uzihifadhi. Nalisisitiza hili kuliko karibu kila kitu kingine humu, kwa sababu bila namba za mwanzo huwezi kujua baadaye kama tiba yako, ya kliniki au ya mmea, imefanya chochote. Kupungua kwa harufu si kipimo.

Hatua ya 3: Usafishwe juu na chini ya ufizi

Kwa mwenye jinjivitisi, kusafisha ukoga mgumu ulio juu na pembezoni mwa ufizi kunatosha, na ziara moja inaweza kumaliza. Kwa mwenye periodontitisi, daktari anaingia ndani ya mifuko na kusafisha uso wa mzizi. Hutumia kifaa kinachotetemeka kwa kasi kubwa huku kikimwaga maji, au vyuma vya mkono vyenye ncha iliyopinda, au vyote viwili. Kazi hii mara nyingi hufanywa kwa sindano ya ganzi, na inaweza kugawanywa katika ziara mbili au zaidi.

Hapa ndipo inapoonekana kwa nini mmea peke yake hauwezi. Maji ya kusukutua, yawe ya mwarobaini au ya duka la dawa, huingia chini ya ufizi kidogo sana. Mfuko wa milimita 6 hayafiki chini yake. Hata yakifika, bakteria wamejifunika utando unaowakinga, nao umeshikamana na ukoga mgumu wenye vishimo vingi. Ukivunja utando huo kwa chuma, bakteria waliobaki wanakuwa wachache na hawana ngao. Wakati huo ndio mmea unapopata nafasi ya kusaidia.

Hofu moja niitaje, kwa sababu inawazuia wengi: kwamba kusafisha meno kunayalegeza. Ukoga mgumu ukiwa mwingi unaweza kuwa umeyashikanisha meno ambayo mfupa wake ulishaliwa. Ukitolewa, ulegevu uliokuwepo unaonekana. Usafishaji haukuuleta, na meno mengi hukaza kiasi fizi zikipona. Hofu nyingine ni nafasi nyeusi zinazojitokeza kati ya meno. Hizo hutokea kwa sababu uvimbe umeshuka na ukoga umeondoka. Si nzuri kuzitazama, nakubali, lakini ni dalili ya kupona, na zinarahisisha kusafisha.

Usidai antibiotiki. Kwa wagonjwa wengi wa fizi hazihitajiki, na daktari huziongeza katika hali maalumu tu.

Hatua ya 4: Siku za kwanza baada ya kusafishwa

Fizi zitauma kidogo na meno yatasisimka kwa baridi kwa siku kadhaa, wakati mwingine wiki chache. Katika siku hizi usipake chochote kikali: si mafuta ya karafuu, si kitunguu saumu, si manjano. Sukutua taratibu maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi moja ya mililita 250, mara mbili au tatu kwa siku. Piga mswaki laini mno, lakini piga. Kuacha mswaki kwa kuogopa damu kunarudisha ukoga haraka.

Daktari anaweza kukupa klorheksidini ya kusukutua, ya asilimia 0.12 au 0.2, kwa wiki mbili hivi. Ni dawa yenye nguvu, ila huacha madoa ya kahawia na kuharibu ladha ya chakula. Ukiwa unaitumia, usisukutue chai ya aina yoyote wala maganda ya mkomamanga, kwa kuwa rangi za mimea hiyo huongeza madoa. Iachanishe na dawa ya meno kwa nusu saa, maana baadhi ya viambato vya dawa ya meno huipunguza nguvu. Subiri dozi iishe, ndipo uanze mmea.

Hatua ya 5: Weka msingi wa kila siku

Mswaki laini mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara, nyuzi zake zikielekezwa kwenye mstari wa ufizi kwa mwinamo wa digrii 45, kwa mizunguko midogo. Dawa ya meno yenye floraidi. Ukimaliza tema povu, usisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki.

Kati ya meno mswaki haufiki, na huko ndiko ugonjwa unakoanzia. Mahali penye nafasi tumia brashi ndogo za katikati ya meno. Kwa mwenye periodontitisi zinasafisha vizuri kuliko uzi. Chagua ukubwa unaoingia kwa kubana kidogo bila kulazimishwa. Mahali palipobana tumia uzi. Mara moja kwa siku inatosha, hasa usiku. Damu itatoka siku za mwanzo, kisha itapungua kadiri unavyoendelea.

Bila hatua hii, zinazofuata hazina thamani.

Hatua ya 6: Chagua mmea mmoja

Nasema mmoja. Mchanganyiko wa mimea sita katika chupa moja hauna nguvu mara sita; unachanganya tu, na ukipata mzio hutajua umeletwa na upi. Kabla ya kuanza, paka kidogo sehemu moja ya ufizi na usubiri hadi kesho yake. Ukiona wekundu mpya, malengelenge au kuwashwa, achana nao.

*Mafuta tete katika dawa ya kusukutua iliyotengenezwa kiwandani.* Naanza na hili kwa sababu ndilo lenye ushahidi imara kuliko mengine yote yenye asili ya mimea, ingawa wapenda mitishamba huliruka. Thymol hutoka kwenye mmea wa thyme, eucalyptol kwenye mkaratusi, menthol kwenye mnanaa. Fomula inayoyaunganisha pamoja na methyl salicylate ilianza mwaka 1879 kwa jina la Listerine, na aina hii ya dawa imefanyiwa majaribio mengi yaliyoonyesha kupungua kwa ukoga na uvimbe wa fizi. Kiasi ni mililita 20 kwa sekunde 30, mara mbili kwa siku. Mwenye kinywa kikavu achague isiyo na pombe. Usijaribu kuitengeneza nyumbani kwa kudondosha mafuta tete kwenye maji: mafuta hayayeyuki, huelea, na tone moja lisilochanganyika huunguza.

*Chai ya kijani.* Kwa anayetaka kutengeneza mwenyewe, ningeanza na hii. Ina katekini, ambazo huzuia bakteria wa fizi wasijishikize na hupunguza vimeng'enya vinavyobomoa nyama ya ufizi. Loweka gramu 2 za majani katika mililita 200 za maji ya moto kwa dakika tano, chuja, ipoe, usitie sukari. Sukutua kwa dakika moja, mara mbili kwa siku. Ukiimeza haina madhara kwa watu wengi. Inaweza kuacha rangi hafifu kwenye meno.

*Mshubiri.* Ute wake wazi hutuliza uvimbe na ni mpole kuliko mimea mingine, kwa hiyo unawafaa wenye fizi laini. Kata jani, lisimamishe kwa dakika 10 hadi 15 utomvu wa njano utiririke wote, lioshe, menya, uchukue ute ulio wazi tu. Utomvu ule wa njano huharisha vibaya, na mjamzito hapaswi kuumeza hata kidogo. Paka ute kwa kidole safi kwenye mstari wa ufizi, ukae dakika kumi, kisha tema. Wenye mzio wa vitunguu wawe waangalifu.

*Manjano.* Kiambato chake, kurkumini, hupunguza uvimbe, na majaribio kadhaa madogo yaliyotumia jeli ya manjano baada ya usafishaji yalionyesha nafuu ya ziada. Tatizo la nyumbani ni kwamba kurkumini haiyeyuki vizuri katika maji. Chukua robo kijiko cha chai cha unga, changanya na mafuta kidogo ya nazi mpaka uwe uji mzito, paka kwenye ufizi usiku kwa dakika tano, sukutua, kisha piga mswaki. Utachafua mswaki, sinki na nguo, na kingo za meno yaliyozibwa zinaweza kushika rangi. Nunua mizizi mizima uitwange mwenyewe ukiweza. Unga wa dukani umewahi kukutwa umetiwa rangi yenye madini ya risasi ili ung'ae, na sumu hiyo hakuna anayetaka kuipaka kwenye kidonda.

*Mswaki wa mti, Salvadora persica.* Shirika la Afya Duniani liliunga mkono matumizi yake miaka ya 1980. Una dawa ya kuua bakteria iitwayo benzyl isothiocyanate, na nyuzi zake husafisha kwa kusugua. Kata kijiti kibichi chenye unene wa penseli, menya ncha ya sentimita moja, tafuna hadi ichambuke, na ukate ncha mpya kila siku. Kosa la kawaida ni kusugua kwa nguvu kwa mlalo, hasa meno ya mbele, mpaka fizi zinasinyaa. Sugua wima, kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino. Ndani ya meno, upande wa ulimi, kijiti kilichonyooka hakifiki vizuri. Huko rudi kwa mswaki wa kawaida.

*Mwarobaini.* Majani 10 hadi 15 yaliyooshwa, katika nusu lita ya maji, yachemke kwa moto mdogo dakika kumi. Chuja, poza, sukutua sekunde 30, tema yote. Mafuta ya mbegu zake ni jambo jingine kabisa: watoto waliomezeshwa wamepata kutapika, degedege na madhara ya ini. Yasiingie kinywani mwa mtoto wala mjamzito.

*Maganda ya mkomamanga* yana tanini nyingi zinazokaza ufizi. Kijiko kimoja cha maganda yaliyokaushwa kwa kikombe cha maji, dakika kumi motoni, kisha sukutua kama chai ya kijani. Yana rangi kuliko chai, basi usipitishe wiki mbili.

*Karafuu* naiweka mwisho kwa makusudi. Eugenol yake hutuliza maumivu kweli, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu jino likinyamaza mtu haendi kliniki. Tumia kipande kimoja cha karafuu kavu karibu na panapouma ukiwa unasubiri siku ya daktari. Mafuta yake yasiyochanganywa huunguza ufizi, na kiasi kidogo tu kikimezwa ni hatari kwa mtoto.

Kusukutua mafuta ya nazi kumesifiwa kupita ushahidi wake. Ukipenda kufanya, fanya, dakika tano zinatosha, ila usimpe mtoto wala mtu anayepaliwa ovyo, kwani mafuta yakiingia kwenye mapafu huleta nimonia.

Kwa mchemsho wowote wa nyumbani: chombo kisafi, weka kwenye friji, mwaga baada ya saa 24. Sukutua angalau nusu saa baada ya kupiga mswaki ili usioshe floraidi. Muda wa kutumia ni wiki mbili hadi nne, kisha pumzika.

Vitu vya kuacha kabisa

Limau kwenye meno. Asidi yake iko chini mno ya pH 5.5, kiwango ambacho gamba la jino huanza kuyeyuka, na kuipaka pamoja na magadi ni kuyeyusha kisha kukwangua. Mkaa wa unga nao hukwangua, na chembe zake hubaki ndani ya mifuko ya fizi. Kitunguu saumu kibichi kilichofungiwa kwenye ufizi huunguza hadi kuacha kidonda.

Na kwa anayeamini kwamba cha asili hakidhuru, ipo habari ya Sanguinaria canadensis. Dondoo ya mmea huu ilitiwa kwenye dawa ya meno na ya kusukutua iliyouzwa Marekani miaka ya 1980 na 1990 kwa ajili ya fizi. Baadaye watumiaji walikutwa na mabaka meupe kwenye fizi na ndani ya midomo, ya aina ambayo huhitaji kuchunguzwa kwa hofu ya saratani. Kiambato hicho kikaondolewa.

Wenye hali za pekee

Mwenye kisukari ana sababu kubwa kuliko wengine ya kutibu fizi. Sukari ikiwa juu fizi huharibika haraka, na fizi zenye ugonjwa hufanya sukari iwe ngumu kushuka. Usafishaji wa kina umeonyesha kupunguza kipimo cha sukari cha miezi mitatu, na hakuna jani ninalolijua lenye faida ya namna hiyo kupitia kinywa.

Mjamzito fizi zake huvimba kwa urahisi kwa sababu ya homoni. Kusafishwa meno ni salama kwake, na miezi mitatu ya katikati ndiyo ya raha zaidi kukaa kwenye kiti. Kwa mimea, abaki na maji ya chumvi au ute safi wa mshubiri wa kupaka na kutema.

Anayetumia warfarin asinywe chai ya kijani kwa wingi, ina vitamini K inayopingana na dawa hiyo, na asile vidonge vya manjano bila kumuuliza daktari. Kusukutua na kutema hakuna shida. Watoto walio chini ya miaka sita hawapewi cha kusukutua, watameza. Mvutaji sigara aelezwe wazi: fizi zake zitapona polepole na kwa kiasi kidogo mpaka aache.

Dalili zisizosubiri

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiwa na uvimbe wa uso au shingo, homa, ugumu wa kumeza, kupumua au kufungua kinywa. Usaha kwenye ufizi na jino lililoanza kucheza ghafla vinahitaji daktari wa meno ndani ya siku moja au mbili. Kidonda au baka lisilopona kwa wiki mbili lichunguzwe hata kama haliumi. Fizi zinazovuja damu zenyewe bila kuguswa, pamoja na michubuko mwilini na uchovu mwingi, zinadai kipimo cha damu, kwa kuwa magonjwa ya damu wakati mwingine hujionyesha hapo kwanza.

Hatua ya 7: Upimwe tena, uamue

Rudi kliniki baada ya wiki 8 hadi 12 tangu usafishaji. Mapema kuliko hapo nyama haijapona vya kutosha kupimika. Leta namba zako za mwanzo mlinganishe. Lengo ni kusiwepo mfuko unaozidi milimita 4 wenye kutoka damu. Mifuko ya milimita 4 na 5 iliyobaki kwa kawaida husafishwa tena. Iliyobaki milimita 6 au zaidi, daktari atakueleza habari ya upasuaji, na hapo tafadhali usimwombe akupe muda ujaribu mmea mwingine. Ulishaujaribu, na kipimo kimeonyesha ulipoishia.

Kama fizi zimetulia, ratiba ya kurudi hupangwa kwa hali yako: aliyekuwa na periodontitisi mara nyingi kila miezi mitatu mwanzoni, baadaye pengine kila sita; aliyekuwa na jinjivitisi tu, kila miezi sita hadi kumi na mbili. Periodontitisi ni ugonjwa wa maisha, unaotulizwa na kulindwa, na meno ya watu wanaoshika ratiba hudumu kuliko ya wasioishika.

Katikati ya ziara hizo mmea una kazi yake nzuri. Ukiona damu mahali pamoja, kwanza ongeza usafi hapo kwa brashi ndogo, kisha sukutua chai ya kijani au paka mshubiri kwa wiki mbili. Damu ikikata, endelea na ratiba yako. Ikibaki pale pale baada ya wiki hizo mbili, piga simu kliniki uombe kuonwa kabla ya tarehe, na uwaambie ni jino lipi na upande upi.